Taa 24 za kumulikia tope

Jumamosi sijamaliza hata chapati ya pili pale ofisini kwangu, kijana akaingia na mfuko mkononi. "Shikamoo fundi. Kuna kamera yangu ya majini hapa, ya kutazamia samaki, naomba uniongezee taa."

Marahaba, kaa kwanza. Ina taa ngapi? Ishirini na nne. Uliizamisha wapi? Bwawa la Mtera. Mwezi gani? Wa tatu. Ukaona nini?

"Weupe mtupu, fundi. Kama nimeichovya kwenye maziwa. Nadhani mwanga haufiki."

Huyu ni wa ngapi sijui, nilikuwa nahesabu nikaacha. Wapo wenye taa 12, wapo wenye 30, na mzee mmoja wa Hombolo alikuja na tochi ya kuwindia akitaka niifunge juu ya kamera kwa waya. Ombi lao ni moja, na wote huondoka wakiamini fundi mvivu. Basi leo naandika. Atakayekuja tena nitamtumia hii, mimi niendelee na chapati.

Mwanga unafika, kijana wangu. Unafika vizuri sana, unagonga tope, unarudi kwenye lenzi. Aliyewahi kuendesha usiku kwenye barabara ya vumbi nyuma ya lori analijua hili hata kama hajawahi kuiona kamera. Ukiwasha taa ful, vumbi linageuka ukuta. Ukizishusha, unaanza kuona japo matairi ya aliye mbele. Sijamwona dereva aliyesimama pale akatafuta fundi amwongezee taa ili apenye vumbi. Ila dereva huyohuyo akipanda mtumbwi, akili anaiacha ufukweni.

Angalia taa hizo 24 zilivyopangwa: zimeizunguka lenzi kama shanga shingoni. Maana yake kila chembe ya udongo iliyo sentimita tano mbele ya lenzi inamulikwa na taa zote kwa mpigo, na mng'ao wake wote unaingia ndani. Perege wako yuko sentimita 60. Mwanga umepungua ukienda kwake, ukapungua tena ukirudi. Sasa nikikuwekea taa 48, perege atang'aa maradufu, sawa, lakini na chembe nazo zitang'aa maradufu. Aliyekuwa amefunikwa amebaki amefunikwa. Tena kamera nyingi za aina hii hujirekebisha mwanga zenyewe. Zikiona weupe mwingi zinaitia picha nzima giza, na perege wako ndiyo anapotea kabisa.

Hapa watu hunikatalia kuliko mahali pengine pote. "Lakini fundi, kwenye tangazo inaonekana." Kwenye tangazo, ndiyo. Kamera hizi zilipata umaarufu kwa wavuvi wa Marekani na Kanada wanaotoboa barafu juu ya maziwa yaliyoganda na kuvulia kwenye tundu. Chini ya barafu hakuna upepo wa kukoroga maji, mvua haileti udongo, na mimea midogo ya kijani imepungua kwa baridi. Maji yametulia na ni safi, ila kuna giza kwa sababu theluji imeziba juu. Hapo taa ina kazi! Wewe umeichukua hiyohiyo ukaipeleka Mtera mwezi wa tatu, wakati mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo imetoka kumwaga humo udongo wa nusu ya nchi. Mtera mwezi wa tatu hakuna upungufu wa mwanga. Jua la kule mnalijua wenyewe.

Dawa ipo, ila ni kuzihamisha taa, siyo kuziongeza. Wapiga picha wa baharini hufunga taa zao kwenye mikono mirefu pembeni, zimulike kwa mshazari, ili maji yaliyo karibu na lenzi yabaki gizani na samaki pekee ndiye amulikwe. Nimeijaribu. Taa zote za duara nilizibandika tepu nyeusi, nikachukua bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, sentimita 40, nikafunga tochi ya kuzamia kwenye ncha. Nikaongeza kama shibiri moja ya kuona. Shibiri moja! Kwa anayechungulia wavu hiyo ni faida, kwa anayetafuta samaki bwawa zima ni kichekesho. Halafu jaribio la pili bomba likanasa kwenye mti. Mtera miti iliyozama bwawa lilipojazwa mingine bado imesimama chini, na tochi yangu imebaki huko.

Mara nyingi dawa ni rahisi kuliko hiyo: zima taa. Saa sita mchana, maji ya kina cha mita mbili, jua liko utosini, unamulika nini? Nikiwaambia wateja wazizime wananitazama kama nimewaambia watupe pesa.

Kabla ya kununua chochote, chukua sahani nyeupe ya bati. Itoboe, ifunge jiwe chini, ifunge kamba yenye fundo kila sentimita 10. Ishushe upande wa kivuli cha mtumbwi hadi ipotee machoni, kisha ivute polepole hadi ionekane tena. Kipimo chako kiko katikati ya hapo ilipopotea na hapo ilipoibuka. Hiki si kitu cha mtaani. Padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, alipima uwazi wa maji kwa sahani kama hiyo mwaka 1865, na wataalamu wa maziwa wanaitumia mpaka leo. Sheria yangu mwenyewe: ikipotea kabla ya nusu mita, kamera ibaki nyumbani. Ikifika mita moja, kamera itaona umbali huo kwenda mbele ukiwa na bahati, na nusu yake siku nyingi. Kwa nini mara nyingine nusu na mara nyingine yote, kwenye bwawa moja na wiki moja, sijapata jibu linaloniridhisha. Upepo wa mchana una sehemu yake, hiyo nina hakika nayo, ndiyo maana mimi huenda alfajiri.

Na wafuga samaki jamani. Ninyi ndio mnanichosha zaidi. Bwawa la perege linalotunzwa vizuri linatakiwa liwe kijani. Mnaweka samadi makusudi ili maji yaote chakula, na bwana uvuvi kawafundisha kuingiza mkono: kiganja kikianza kupotea maji yakifika kiwiko, bwawa lina afya. Haya, kutoka kiganja hadi kiwiko ni kama sentimita 30. Halafu unaniletea kamera unasema haioni samaki. Ingekuwa inawaona, ningekushauri uongeze samadi. Tumia kimia, wavue kidogo, wapime, warudishe.

Infraredi sasa, ule mwanga ulio ng'ambo ya mwekundu ambao jicho la mtu halioni vizuri. Muuzaji anakwambia chagua yenye infraredi, samaki haoni ule mwanga na hatashtuka. Asichokwambia ni kwamba maji yenyewe, hata yawe safi kama ya kunywa, yanaumeza mwanga huo. Zipo za namba 850 (namba ni urefu wa wimbi la mwanga), ukiitazama taa unaona wekundu kwa mbali, na za 940 ambazo jicho halioni kitu. Watu wanapenda 940 kwa sababu inaonekana ya kijasusi. Majini ndiyo mbovu zaidi, inamezwa upesi kuliko ile ya 850. Hata hiyo 850 usiitegemee kupita nusu mita au zaidi kidogo, na picha ni nyeusi na nyeupe. Kuhusu samaki kutoiona, siapi. Nimeshawaona perege wakigeuka ghafla kila nilipowasha. Labda walishtushwa na kebo iliyotikisika mkono wangu ukibonyeza. Kambale kwa upande wake hajali taa ya aina yoyote. Anakuja, anaipapasa lenzi kwa ndevu, anaisukuma, anaondoka.

Mengine ya kununulia nitayapitisha haraka. Lenzi pana ni bora, kwa sababu unaweza kusogea karibu, na kusogea karibu ndiko kunakupunguzia tope. Inayojisifu kukuza achana nayo. Picha kali ya 4K kwenye maji yetu inakupa tope la 4K. Waifai haipiti majini, kwa hiyo kamera isiyo na kebo wala boya la kuelea na antena juu itakata mawasiliano ikizama tu. Kebo iwe na uzi wa nguvu ndani na uijaribu kwa kuining'iniza, maana itanasa, hilo usiwe na shaka. IP67, alama ya kuzuia maji, maana yake imejaribiwa mita moja kwa nusu saa, basi, hiyo ni ya kuangukia kwenye beseni. IP68 ni zaidi ya hapo, lakini kina chenyewe anakitaja mtengenezaji, soma karatasi yake. Ukishuka mita 10 mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, na ringi ya mpira yenye punje moja ya mchanga inapitisha maji hapohapo. Futa ringi, paka grisi ya silikoni kidogo, siyo ile ya baiskeli, inaweza kuharibu mpira. Skrini iwe na kofia ya kuzuia jua, la sivyo utavua umejifunika kanga.

Ukiitumia, usiiburute. Hiki ndicho kinachofanya hata maji mazuri yachafuke: mtu anaigusisha chini, udongo unapanda, anaihamisha, unapanda tena, anasema kamera mbovu. Ishushe taratibu, ikigusa chini ivute shibiri mbili, ifunge, ukae. Chambo kiwe mbele ya lenzi sentimita 30 au 40, kwa sababu usipokifunga pale utakaa mchana kutwa ukitazama maji. Usiiache juani kwenye mtumbwi halafu uizamishe ikiwa ya moto, kioo kitafanya ukungu kwa ndani na hapo unirudishie mimi. Na samaki wa kwenye skrini usimwamini ukubwa. Kioo bapa ndani ya maji humfanya aonekane mkubwa kwa karibu theluthi moja. Mkono usining'inie majini. Mtera kuna mamba na viboko, na kamera haitakuonya.

Inakupatia samaki zaidi? Nimekaa na swali hili misimu kadhaa. Imenionyesha perege anavyokimeza chambo na kukitema mara tatu bila kamba kutikisika, ndipo nikabadili ndoano nikachukua ndogo. Imenionyesha kisiki kilichokuwa kinakata nyuzi zangu. Lakini siku nilizovua vizuri, nyingi kamera ilikuwa kwenye begi. Huenda nilikuwa naitazama skrini badala ya kuitazama kamba.

Turudi kwa kijana. Sikumwongezea taa. Nilimwambia mchana twende wote kwa jirani yangu, ambaye pampu yake ilikatika bomba ikazama kisimani wiki mbili zilizopita, kisima cha kuchimba kwa mikono, maji yako mita 14 chini. Tangu itumbukie hakuna aliyeyagusa maji yale. Kule chini ni giza totoro, ila maji yamechujwa na ardhi na yametulia. Tukashusha kamera yake na taa zake zote 24. Picha ikaja safi kiasi kwamba tulisoma maandishi kwenye bati la pampu, tukaona na bomba lilipokatikia. Jirani akatengeneza kulabu ya nondo, na sisi tukiwa tunamwongoza kwa skrini, "kushoto mzee, shusha, vuta sasa," pampu ikatoka jaribio la nne.

Kijana alilipwa elfu thelathini palepale. Jana kapita ofisini, hakuzungumzia taa tena. Aliuliza kama naweza kumrefushia kebo ifike mita 40, kuna watu wawili wa Makutupora wanamsubiri na visima vyao.