Balbu ya xenon ndani ya taa ya halojeni haikuonyeshi barabara

Mwenye gari akilalamika kwamba usiku haoni, jibu la gereji siku hizi ni moja: funga xenon, balbu inayowaka kwa tao la umeme ndani ya gesi badala ya uzi. Hakuna anayempimia volti, hakuna anayetazama kioo cha taa kilivyofifia. Seti inanunuliwa, balbu inaingia kwenye tundu la H4 (halojeni yenye dimu na fuli, yaani taa fupi na taa ndefu, pamoja) bila kukata kitu, ukuta wa gereji unameremeta, mteja analipa kwa furaha. Usiku huohuo, kati ya Chalinze na Morogoro, dereva wa lori anayekuja mbele yake anapoteza ukingo wa barabara kwa sekunde kadhaa, na ukingoni hapo kuna watu wanaotembea kwa miguu. Imani hii inanikera kuliko zote za umeme wa magari kwa sababu hasara yake inawaangukia watu ambao hawakununua chochote.

Ni kweli xenon ina mwanga mwingi. H4 ikiwa kwenye dimu hutoa takriban lumeni 1,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). D2S, balbu ya xenon ya kiwandani ya wati 35, hutoa 3,200. Hapo sibishi. Ninachouliza ni mwanga huo unakwenda wapi, na anayeamua si balbu, ni rifleka, yaani bakuli la ndani ya taa linalorudisha mwanga mbele.

Chukua H4 mkononi uitazame. Ndani kuna nyuzi mbili, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho huziba mwanga usifike nusu ya chini ya rifleka, kwa hiyo dimu hutumia nusu ya juu tu. Ukingo wake mmoja umekatwa kwa mshazari wa digrii 15, na huo ndio unaofanya mwanga uinuke kidogo upande wa kushoto, kwa watembea kwa miguu na alama za barabara, huku upande wa gari linalokuja ukibaki chini. Rifleka nzima ilipigiwa hesabu kwa uzi mdogo ulionyooka, uliokaa mahali pamoja.

Xenon haina uzi. Ina tao la umeme lenye urefu wa milimita 4.2, linalojipinda kwenda juu kidogo, likiwa kali zaidi kwenye ncha zake, na gesi inayong'aa kulizunguka. Kikombe, kama kipo, ni kibati kilichobandikwa nje ya kioo. Pembeni mwa kapsuli, kile kioo chenye gesi na tao, unapita mrija wa kauri wenye waya wa kurudisha umeme, ambao hutupa kivuli chake ndani ya rifleka. Zile seti ambazo balbu husogezwa na sumaku kubadili dimu na fuli ni mbaya zaidi: zikishatikiswa na barabara za vumbi, balbu huanza kukaa pasipo pake. Matokeo ni kwamba mstari wa mwanga, yaani mpaka kati ya mwanga na giza, unapotea, na mwanga uliopaswa kubaki chini unapanda hadi machoni pa watu.

"Lakini mimi naona vizuri zaidi." Hapa ndipo ninapoomba subira. Unachokiona ni lami ya mita tano hadi kumi na tano mbele ya boneti, nyeupe kama sahani. Jicho hujirekebisha kwa kile kinachong'aa zaidi mbele yake. Mboni inasinyaa, na giza la mbali linazidi kuwa zito. Ukienda kilomita 80 kwa saa unakata mita 22 kila sekunde, yaani lami yote hiyo uliyoing'arisha unaimaliza kabla ya sekunde moja kupita na hata mguu haujafika kwenye breki. Mwanga unaookoa uhai ni ule wa mita 60 na kuendelea, na mtengenezaji wa taa nzuri hupunguza mwanga wa karibu kwa makusudi. Anayesifu taa kwa kutazama chini ya bampa anapima mahali pasipohusika.

Kuhusu rangi nitakuwa mfupi. Xenon za kiwandani nyingi ni kelvini 4,300 hivi. Za 6,000 na 8,000 hutoa lumeni chache zaidi, buluu zaidi, na huumiza zaidi macho ya wengine. Kelvini ni rangi, si nguvu. Na zile halojeni zilizopakwa buluu na kuandikwa xenon kwenye boksi zinabaki kuwa halojeni zilizopunguzwa mwanga. Kwamba mwanga wa njano ni bora kwenye mvua na ukungu, tunalisema gereji kwa uhakika mkubwa kuliko ushahidi uliopo. Nadhani dereva hupata unafuu wa mng'aro, si umbali zaidi.

Kabla ya kununua chochote, washa injini, washa dimu, pima volti kwenye betri, kisha kwenye pini za balbu yenyewe. Mwanga wa halojeni hushuka haraka kuliko volti: balbu inayopata 12.0 badala ya 13.2 hupoteza zaidi ya robo ya mwanga wake. Tofauti kati ya betri na balbu ikizidi nusu volti, tatizo lako ni waya, swichi na athi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi) zilizochoka. Vuta waya mpya wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri, weka fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, na rilei (swichi zinazowashwa na umeme mdogo) mbili za ampea 30, moja ya dimu na moja ya fuli. Pini ya rilei namba 30 ipokee umeme wa betri, 87 iupeleke kwenye taa, 85 na 86, ambazo ni ncha za koili, ziende kwenye soketi ya zamani. Angalizo ambalo mafundi wengi hulipuuza: swichi ya taa ya Toyota nyingi hukata athi, si moto (waya wa chanya). Kwa hiyo koili ya rilei iunganishwe kati ya pini mbili za soketi ya zamani, si kati ya pini moja na bodi, la sivyo rilei haitafanya kazi inavyotakiwa. Athi nayo iwe mpya, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Usiweke balbu za wati 90 au 100 badala yake, zinayeyusha soketi.

Kioo cha taa kikiwa kimegeuka njano, kipigwe msasa wa maji namba 800, 1500, kisha 2000, king'arishwe, halafu kipuliziwe kliya (rangi ya juu isiyo na rangi) yenye kinga ya jua. Bila kliya, njano itarudi.

Halafu elekeza taa. Gari kwenye sakafu tambarare, upepo wa matairi sawa, dereva amekaa, mita 10 kutoka ukutani. Weka alama ya kimo cha katikati ya balbu. Mstari wa dimu ukae sentimita 10 chini ya alama hiyo. Magari mengi yakifanyiwa haya matatu hayahitaji xenon tena.

Anayeitaka bado, atafute taa nzima iliyozaliwa na xenon. Crown na Mark X nyingi zilitoka Japani nazo, na kwa magari mengine huwa kuna toleo lililokuja hivyo. Chukua kasha, balasti (kifaa kinachoiwasha na kuilisha umeme) na balbu zake pamoja. Au fungua taa yako ufunge projekta ya xenon, yaani taa yenye lenzi mbele na bamba ndani la kukata mwanga. Kuhusu projekta iliyoundwa kwa halojeni kisha ikatiwa kapsuli ya xenon, sina kanuni moja. Bamba la ndani hulinda mstari, kwa hiyo mwanga hautapaa ovyo, lakini sehemu kali huhama. Baadhi hubaki nzuri, nyingine hufifia mbali na kuwaka karibu. Ipime ukutani na barabarani kabla ya kuiamini.

Chagua projekta ya nchi zinazoendesha kushoto. Nyingi zinazouzwa mtandaoni ni za kulia: mshazari wake hupanda upande wa kulia, moja kwa moja kwenye kioo cha gari linalokuja. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda haifai; Rwanda, Burundi na Kongo ndiyo inayotakiwa. Wakati wa kufunga, toa terminali ya betri, maana balasti huwasha kwa zaidi ya volti 20,000. Usiguse kioo cha kapsuli kwa vidole. Balasti ikae mahali pakavu, plagi ikitazama chini, nayo ipate umeme wake kupitia rilei, kwa kuwa wakati wa kuwaka hunyonya ampea nyingi kuliko ikishatulia.

Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa hudai taa ya dimu inayozidi lumeni 2,000 iwe na kiosha taa na kirekebisha kimo cha kujiendesha chenyewe, kwa sababu matope hutawanya mwanga na mzigo wa nyuma huinua pua ya gari. Kwetu wengi hufunga bila hivyo viwili. Basi angalau jaza tangi, kalisha watu watatu kiti cha nyuma na mizigo kwenye buti, rudi ukutani, na ushushe taa mpaka mstari uwe chini ya alama hata gari likiwa limebeba hivyo.