Kabla ya kuleta miche, waulizeni wenye ngitili

Kazi yangu ni uoto wa asili na malisho. Shirika likiniita kushauri mradi wa kurudisha miti, swali langu la kwanza halihusu kitalu. Nauliza: kabla hamjafika, watu wa hapa walikuwa wanatunzaje majani ya kiangazi? Swali hilo nimefundishwa na Shinyanga, mkoa wa Wasukuma nchini Tanzania.

Wakati wa mkoloni mapori ya Usukumani yalifyekwa ili kumaliza mbung'o. Ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, na katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikazihamisha familia, zikaacha nyuma maeneo zilizoyatunza kwa miaka mingi. Mwalimu Nyerere akafika mahali pa kuiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway, na baadaye ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, kikashiriki.

Mwanzoni mkazo uliwekwa kwenye vitalu na miche, mingi ikiwa miti ya kigeni. Wananchi hawakuwa na hamu nayo. Mambo yalibadilika pale watu wa mradi walipokaa chini na wazee na kusikia habari za ngitili.

Ngitili ni malisho ya akiba. Mvua zikianza, eneo linafungwa. Nyasi zinakua, zinakomaa, zinapukutisha mbegu bila kuguswa. Kiangazi kikishika ndipo linafunguliwa, tena kwa kipande, na wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa, na maksai watakaokokota jembe mvua zikirudi. Mlinzi wake ni mkutano wa kijiji, dagashida, pamoja na sungusungu, walinzi wa jadi. Anayeingiza ng'ombe kwa siri anatozwa faini, na majirani wote wanajua.

Mzee mmoja alinitembeza kwenye ngitili yake. Akachutama chini ya mgunga mchanga, shina lake nene kama kiwiko changu cha mkono, akafukua udongo kwa ncha ya fimbo. Chini kulikuwa na kisiki kipana kuliko sahani, cheusi, chenye makovu ya shoka. "Huu sikuupanda, mwanangu," akasema. "Ulikuwa humu humu."

Hiyo ndiyo siri yote. Ardhi iliyoonekana jangwa ilikuwa imejaa mizizi hai. Kila mwaka ilichipua, na kila mwaka mbuzi na panga viliyakata machipukizi. Yakipumzishwa, mizizi ile mikubwa inayasukuma juu kwa kasi ambayo mche wa kwenye kiriba hauwezi kuifikia. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimevuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Hakuna bajeti ya miche ingefika huko.

Kilichofanywa na HASHI, na ninakiheshimu sana, ni kuyapa mambo ya wazee nguvu ya serikali: mipaka ikatambuliwa, sheria ndogo za kijiji zikaandikwa, mafunzo yakatolewa. Tathmini iliyofanywa na Wizara ya Maliasili na Utalii na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilikadiria kuwa mazao ya ngitili, yaani kuni, nguzo, asali, dawa, matunda na malisho, yalikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, huku matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yakiwa dola 8.50.

Linaloniumiza ni mgao. Ngitili nyingi ni za kaya, na mwenye ng'ombe wengi huwa na eneo kubwa. Asiye na ardhi ananunua majani. Halafu kuna urithi: baba akifariki, ngitili inakatwa vipande, na kipande kidogo hakistahimili hata wiki mbili za kuchungwa.

Yule mzee ana watoto wa kiume sita. Tulipoonana mara ya mwisho aliniuliza kama hati ya kimila ya kumiliki ardhi inaweza kuandikwa kwa jina la familia nzima, ngitili isikatwe. Nikamwambia ndiyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inairuhusu familia kumiliki pamoja. Tukapanga siku ya kwenda kwa mtendaji wa kijiji, yeye na wanawe wote. Nikamwomba awaite na mabinti, kwa sababu kuni za nyumba ile wanazijua wao. Akafikiri kidogo, akasema atawapigia simu.