Je, wajua kwa nini mpishi wa Hungaria huiepua sufuria kabla ya kutia paprika?

Mtazame mpishi wa Hungaria akipika lecsó (hutamkwa "lecho"), ule mchuzi mzito wa pilipili hoho, nyanya na vitunguu ambao huko kwao hupikwa karibu kila nyumba majira ya joto yakifika. Vitunguu vimeshalainika kwenye mafuta, mkebe wa paprika uko wazi mkononi. Badala ya kumimina, kwanza anaiepua sufuria na kuiweka kando. Ndipo anatia ule unga mwekundu, anakoroga mara tatu nne kwa mwiko, anamwagia pilipili hoho zilizokatwa, na sufuria inarudi jikoni. Yote hayo hayafiki hata dakika moja. Ukimwuliza sababu, atakwambia paprika huungua upesi.

Jibu lake ni la kweli, ila ni fupi mno. Ndani ya hiyo dakika ndimo ulimo ufundi wote wa mapishi mekundu ya Hungaria, na anayeuelewa anaweza kupika lecsó ya kuridhisha popote penye hoho, nyanya na mafuta.

Tuanze na paprika yenyewe. Hoho unayonunua sokoni na pilipili inayosagwa kuwa paprika ni za mmea mmoja, ambao wataalamu huuita Capsicum annuum. Tofauti yake ni kwamba zile za kusaga ni nyembamba, ngozi yake haina nyama nyingi, na huachwa shambani mpaka ziwe nyekundu kabisa. Kadiri tunda linavyoiva ndivyo sukari inavyoongezeka. Kisha linakaushwa. Maji yanaondoka, sukari inabaki pale pale pamoja na chembechembe za protini. Mwisho linasagwa kuwa unga laini.

Sasa fikiria unga huo ukiangukia mafuta ya moto. Kipande cha hoho mbichi kina maji zaidi ya asilimia 90, na maji hayo ndiyo kinga yake: maadamu hayajakauka, kipande hakiwezi kupita sana nyuzi joto 100 za Selsiasi hata moto uwe mkali namna gani. Unga wa paprika hauna kinga hiyo. Mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 150 na zaidi bila shida, na kwa kuwa kila chembe ni ndogo mno, joto huipenya yote mara moja. Sukari inakuwa kahawia, halafu nyeusi, na uchungu unaanza. Hayo ni mambo ya sekunde tu. Uchungu huo ukishaingia mchuzini hautoki: ongeza nyanya, ongeza chumvi, ongeza hata sukari, utaendelea kuusikia nyuma ya ulimi. Dawa ni kumwaga na kuanza upya.

Basi kwa nini asisubiri mchuzi uwe na maji mengi, atie paprika mwishoni kama mtu anavyonyunyiza pilipili manga? Hapa ndipo jambo linapokuwa tamu zaidi, na unaweza kulihakikisha kwa macho yako. Chukua vikombe viwili vya kioo. Kimoja kitie maji ya uvuguvugu, kingine mafuta ya kupikia ya uvuguvugu. Kila kimoja kitie nusu kijiko cha chai cha paprika, koroga, kisha viache vitulie. Kwenye maji utaona unga umezama chini kama matope, na maji juu yake yana rangi hafifu tu. Kwenye mafuta unga nao utatulia chini, lakini mafuta yaliyo juu yatakuwa mekundu yanayong'aa.

Rangi ya paprika hutokana hasa na kapsanthini na kapsorubini, ndugu wa ile karotini inayoipa karoti rangi yake. Wanakemia László Zechmeister na László Cholnoky, waliokuwa wakifanya kazi katika mji wa Pécs kusini mwa Hungaria, walianza kutangaza uchunguzi wao juu ya rangi hiyo mwaka 1927. Rangi za jamii hii huyeyuka katika mafuta, haziyeyuki katika maji. Sehemu kubwa ya harufu nzuri ya paprika nayo hutoka vizuri zaidi ikikutana na mafuta. Ukiinyunyiza kwenye mchuzi wa maji haiyeyuki, mchuzi unabaki umepauka na mdomoni unasikia unga unga.

Kwa hiyo paprika inayataka mafuta yenye joto na wakati huo huo haivumilii moto. Mpishi anaipa vyote viwili kwa kuiepua sufuria. Mafuta bado yana joto la kutosha kunyonya rangi na harufu, lakini hayapandi tena. Kisha hoho na nyanya zenye maji tele zinaingia, joto linashuka papo hapo, na kuanzia hapo paprika haiwezi kuungua hata sufuria ikirudi motoni, mradi mchuzi usikauke.

Ukilifikiria jiko ambalo mapishi haya yalizaliwa nalo, utaona kwa nini kanuni imekuwa "epua" na siyo "punguza moto". Wachungaji na wavuvi wa Hungaria walipikia chungu cha chuma kiitwacho bogrács, kilichoning'inizwa juu ya moto wa kuni. Kuni hazina kitufe cha kupunguza. Anayepikia jiko la mkaa yuko katika hali ile ile, na kanuni hii inamfaa kama ilivyo. Mwenye jiko la gesi naye asidhani kuzima kunatosha: sufuria nzito huendelea kushika joto kwa muda, kwa hiyo iondoe kabisa juu ya jiko.

Yupo atakayeuliza kama unga kidogo tu unastahili uangalifu wote huo. Lakini Hungaria paprika haitiwi kidogo. Huchotwa kwa kijiko cha kulia, na sufuria moja ya familia inaweza kuchukua kijiko kimoja mpaka viwili. Huko ni chakula, inaupa mchuzi rangi, utamu na hata uzito. Nadhani wengi wanaoonja mapishi ya Kihungaria nje ya Hungaria na kuyaona hayana ladha wamepikiwa na mtu aliyetia robo kijiko kwa ajili ya rangi.

Kuweza kutia kiasi hicho bila kuwasha mdomo kuna historia yake. Asili ya mmea huu ni Amerika, na Hungaria uliingia enzi za Waturuki wa Dola ya Osmani, katika karne ya 16. Kwa muda mrefu ulikuwa chakula cha wakulima na watu wa kawaida, na ulikuwa mkali. Miji miwili ya kusini, Szeged ulio kando ya mto Tisza na Kalocsa ulio karibu na Danube, ndiyo iliyojenga jina katika kilimo na usagaji wake. Mpaka leo Kalocsa inajulikana kwa mashada ya pilipili nyekundu yanayoanikwa kwenye kuta za nyumba baada ya mavuno.

Mwaka 1859, ndugu wawili wa Szeged waitwao Pálfy walianzisha utaratibu wa kutoa mbegu na zile nyuzi nyeupe za ndani kabla ya kusaga. Wengi wetu hulaumu mbegu kwa ukali wa pilipili, kumbe kapsaisini, kitu kinachowasha, hutengenezwa katika nyuzi nyeupe ambazo mbegu zimeshikana nazo, na mbegu huambukizwa tu kwa kugusana nazo. Ukizitoa hizo nyuzi, ukali mwingi unaondoka na nyama tamu inabaki. Kazi hiyo ilikuwa ya mikono, pilipili moja moja. Baadaye, katika karne ya 20, watafiti wa kilimo wa Hungaria walizalisha aina zisizowasha tangu shambani, na kazi ikawa nyepesi. Kutokana na hapo paprika tamu ikawa unga ambao hata mtoto anaula kwa kijiko.

Szeged imeacha alama nyingine pia, na siwezi kuipita. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Albert Szent-Györgyi, profesa wa chuo kikuu cha mji huo, alikuwa akitafuta mahali pa kupata vitamini C ya kutosha kwa utafiti. Alikuwa ameipata kwa kiasi kidogo tu kutoka kwenye tezi za ng'ombe. Kwa masimulizi yake mwenyewe, jioni moja mkewe alimwandalia pilipili hoho ambayo hakuwa na hamu nayo, akaona aipeleke maabara badala ya kuila. Usiku huo huo akajua amepata hazina. Badala ya gramu chache akaanza kuipata kwa kilo, na mwaka 1937 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Moto hupunguza vitamini hiyo, na nyingine huhamia kwenye mchuzi, ila katika lecsó mchuzi wote unaliwa.

Sasa tuingie jikoni. Kwa watu wanne andaa hoho kilo moja, nyanya zilizoiva nusu kilo, vitunguu viwili vikubwa, vijiko vitatu vya kulia vya mafuta, kijiko kimoja kilichojaa cha paprika tamu, na chumvi. Zamani mafuta yalikuwa ya nguruwe, na wengi bado wanayapenda. Lakini Hungaria hulima alizeti kwa wingi, na mafuta yake yako katika majiko mengi, kwa hiyo ukitumia ya alizeti kutoka Singida au Dodoma hujaenda mbali na asili.

Hoho ndizo za kuangalia zaidi. Kule hutumia aina ya rangi ya njano iliyopauka, karibu na nyeupe, yenye nyama nyembamba na utamu wa taratibu. Huvunwa ikiwa katika rangi hiyo, na ikiachwa mtini hugeuka nyekundu. Hoho zetu za kijani huwa na uchungu kidogo kwa sababu ni changa, na ukizitumia peke yake mchuzi utaelemea huko. Changanya na nyekundu au za njano, nusu kwa nusu au zaidi ukizipata. Zikate vipande vyembamba virefu, utoe mbegu na nyuzi. Nyanya zichovye kwenye maji yanayochemka nusu dakika, ngozi itachubuka kwa mkono, kisha zikatekate.

Katakata vitunguu, vitie kwenye mafuta pamoja na chumvi kidogo, uviache kwenye moto mdogo kama dakika kumi. Chumvi huvuta maji ya kitunguu, hivyo kinalainika bila kubabuka. Unachotafuta ni kitunguu laini kinachong'aa. Cha kahawia kitaleta ladha nyingine kabisa. Kisha epua. Subiri mpaka sauti ya kukaanga inyamaze. Hiyo ndiyo dalili nzuri kuliko saa yoyote, maana ile sauti ni ya maji yanayoruka kwenye mafuta ya moto sana. Tia paprika, koroga, na utaona mafuta yanageuka mekundu palepale na harufu tamu inapanda. Usisimame kuitazama. Mwaga hoho zote, geuza zipakwe mafuta, rudisha motoni.

Usitie maji. Hoho zitatoa maji yake zenyewe ukizifunika dakika kumi hivi kwenye moto mdogo. Nyanya ziingie baada ya hapo, kwa sababu asidi yake huchelewesha mboga kulainika, na ukizitia mapema hoho zitabaki ngumu ngumu. Fungua mfuniko dakika kumi za mwisho ili mchuzi uwe mzito. Hoho ziwe laini lakini vipande bado vionekane. Huliwa kwa mkate wa kuchovya. Wapo wanaovunjia mayai mawili matatu ndani mwishoni na kukoroga, wengine hutia mchele kidogo uivie humo humo, na wengine soseji ya paprika. Mimi naona ya mayai ndiyo inayoshibisha vizuri kwa gharama ndogo. Wahungaria hupika nyingi hoho na nyanya zikiwa tele, wakaihifadhi kwenye chupa za kioo kwa ajili ya majira ya baridi.

Ukishaizoea hatua ya kuepua, umeshafungua mlango wa mapishi mengine ya huko, maana pörkölt, ambayo ni rosti ya nyama, na paprikás ya kuku huanza hivyo hivyo: kitunguu, mafuta, epua, paprika, kisha nyama na maji kidogo. Katika paprikás huongezwa krimu chachu mwishoni, iliyokorogwa kwanza na kijiko cha unga wa ngano ili isikatike.

Lililobaki ni paprika yenyewe. Kwenye mikebe ya Hungaria tafuta neno "édesnemes", ambayo ni tamu na ndiyo inayouzwa sana nje. "Erős" ni kali. Ile ya moshi hutoka zaidi Hispania, na ladha yake itaifunika hoho. Mwanga na hewa huiharibu rangi, kwa hiyo nunua kidogo, ifunge vizuri na iweke kabatini mbali na jiko. Unga mzuri ni mwekundu uliokolea na unanukia mara tu ukifungua. Ukishageuka kahawia na kupoteza harufu, hata ukiiepua sufuria namna gani hautakupa kitu.