Je, wajua kwa nini hita ya umeme haipewi herufi ya A wala ya G?

Juni na Julai, Dodoma si ile ya Oktoba. Mchana jua lipo, lakini mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo juu yake. Watumishi waliohamia kutoka Dar es Salaam ndio wanaolalamika zaidi, na wenye maduka ya vifaa vya umeme wanalijua hilo: hita zinatolewa stoo na kupangwa mbele.

Mnunuzi aliyezoea friji au AC ataigeuza hita huku na huku akitafuta ile karatasi yenye mistari ya rangi, kijani juu na nyekundu chini, yenye herufi za matumizi ya umeme. Haipo. Wengine hudhani wameuziwa feki. Ukweli ni kwamba hata katika Umoja wa Ulaya, ambako lebo hizo zimeenea sana, hita ya umeme haina herufi.

Kanuni ya Ulaya ya lebo za hita za chumbani, namba 2015/1186, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Inapanga hita zinazochoma gesi, mafuta au kuni kuanzia A++ hadi G. Za umeme zimeachwa nje kwa makusudi. Sababu yenyewe ni ya kifizikia: uniti moja ya umeme ikiingia kwenye hita ya waya, yote inatoka ikiwa joto. Iwe ya bei chee au ya bei ya kutisha, iwe ya feni au ile ya mafuta yenye mapezi, joto ni lilelile. Ya feni inakuwahi miguuni. Ya mafuta inachelewa, lakini inabaki na joto baada ya kuzimwa. Muuzaji akikwambia hii “inakula umeme kidogo” kuliko ile ya wati zilezile, anauza maneno.

Sasa, kama zote ni sawa, si zingepewa A zote? Hapa ndipo hesabu ya Ulaya inaposhangaza. Kanuni ilipoandikwa ilichukulia kwamba ili nyumba ipate uniti moja ya umeme, mitambo imeshatumia nishati ya uniti 2.5. Kwa hiyo hita ya umeme inaanza na asilimia 40 badala ya 100, kisha inakatwa 10 na kuongezwa pointi chache kwa vidhibiti ilivyonavyo. Hita ya kubeba yenye themostati ya kawaida, yaani kidhibiti cha joto, inaongezewa 6, inafika 36. Kwenye lebo, chochote kilicho chini ya 42 ni G. Hita karibu zote za umeme dukani zingevaa G, na mteja asingekuwa na cha kulinganisha.

Jiko la kuni lenye bomba la moshi, kinyume chake, hupewa upendeleo. Ufanisi wake huzidishwa kwa 1.45 kwa kuwa kuni huhesabiwa kuwa nishati inayoota upya. Jiko la asilimia 82 linatoka na 118.9, ukitoa 10 linabaki na karibu 109, nalo linavaa A+, inayoanzia 107. Kwa maoni yangu hesabu hii haifai kuletwa Dodoma kama ilivyo. Umeme wetu mwingi unatoka kwenye maji, na bwawa la Julius Nyerere peke yake lina mitambo ya megawati 2,115. Mti nao hauoti upya haraka kwenye nchi kavu kama hii. Kondoa wanalifahamu hilo: mmomonyoko ulifikia hatua ya serikali kuanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye vilima vyake.

Hata hilo jiko la A+ halikuachwa litoe moshi linavyotaka. Kanuni nyingine, 2015/1185, inayotumika tangu 2022, inaliwekea jiko la kuni lenye mlango kikomo cha miligramu 40 za vumbi na 1,500 za kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu, kwa kila mita ya ujazo ya moshi. Huo ni moshi ulio ndani ya bomba, unaokwenda nje. Kwa hewa ambayo mtu anaivuta kwa saa nzima, Shirika la Afya Duniani linataka kaboni monoksaidi isizidi miligramu 35 kwa kila mita ya ujazo. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku halina bomba. Mkaa ulioshika vizuri, mwekundu, usiotoa moshi, ndio unaodanganya, kwa sababu gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hujishikiza kwenye damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Aliyelala hashtuki. Usiliingize, hata kama umeacha dirisha wazi kidogo.

Kwa hita ya umeme, Ulaya iliamua kubana vidhibiti. Kanuni ya 2015/1188, ambayo mwaka 2024 ilitungiwa mrithi, ilitaka hita ya kubeba ifike angalau 36. Rudia hesabu ya juu: bila themostati ni vigumu kufika huko. Nawe dukani anza na hilo. Kisha soma wati. Hita ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo saa nne inakula uniti 8, na kwa tarifu ya kawaida ya nyumbani elfu kumi ya LUKU ni kama uniti 28, yaani haimalizi hata usiku wa nne. Aliye kwenye tarifu ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, atauvuka mpaka usiku wa kumi kabla hajahesabu taa. Themostati inaikata hita chumba kikishapata joto, na hapo ndipo uniti zinapookolewa.

Kuna kifaa kimoja cha umeme ambacho herufi yake ina maana kwenye joto: AC inayoweza kupasha. Yenyewe haitengenezi joto, inalihamisha kutoka nje, hivyo uniti moja inaweza kuleta joto la uniti tatu au zaidi. Angalia rimoti ya AC yako. Yenye alama ya jua kwenye orodha ya kazi zake inapasha. Isiyo nayo kwa kawaida inapoza tu.