Dokumentesheni ya Python haijiandiki yenyewe jamani

Kuna dhana imekaa vichwani mwa wengi wanaoanza, eti ukishainstoli Sphinx (programu ya kutengeneza kurasa za dokumentesheni) kazi imeisha, inapitia kodi yako inakutolea dokumentesheni nzima wewe unakunywa chai. Hapana bana. autodoc, ekstensheni ya Sphinx inayofanya kazi hiyo, inachukua docstring ulizoandika mwenyewe, yale maneno ndani ya nukuu tatu chini ya def, na fankisheni isiyo na docstring inarukwa kama haipo. Ukiweka opsheni ya undoc-members itatokea, ila jina tupu.

Inayoliza watu zaidi ni hii: "autodoc inasoma faili kama maandishi tu." Kumbe inaimport moduli yako, yaani kodi inarun kweli kweli, kwahiyo kama chini ya faili uliacha mstari wa kutuma imeili basi ukipiga make html (amri ya kutengeneza kurasa) imeili inaweza kwenda. Yalinikuta, bosi kapokea tatu ndo nikashtuka 😅. Vitu vya hivyo viweke ndani ya if __name__ == "__main__", humo havirun faili ikiimportiwa.

Na hapo hapo ndo linapotokea lile la "kwangu imekubali, Read the Docs kurasa ziko tupu halafu imeandika imefaulu." Read the Docs ni huduma ya kuhosti dokumentesheni mtandaoni, na watu wanasema seva yake mbovu. Seva haina pandas yako wala library nyingine unazoimport bwana! Import ikigoma Sphinx inatoa onyo tu inaendelea na safari, we unaona kijani unalala. Taja rikwayamenti zako (library zinazohitajika) kwenye .readthedocs.yaml (hiyo faili ni lazima tangu 2023), au library nzito zitaje kwenye autodoc_mock_imports ndani ya conf.py (faili ya mipangilio ya Sphinx) ili autodoc ijifanye zipo, halafu bildi kwa sphinx-build -W ili onyo lolote ligeuke kosa ulione mapema.

Eti hosting lazima ulipie? Projekti ikiwa ya wazi Read the Docs ni bure, utavumilia tangazo moja moja. GitHub Pages pia bure, ila ukipachika humo kurasa za Sphinx zinaweza kutoka uchi, hazina rangi wala mpangilio, na mtu anaenda kuhangaika na themu siku nzima. Themu haina kosa. Jekyll, programu ambayo GitHub inaitumia kutengeneza kurasa, inaruka mafoda yanayoanza na andasko (_), na CSS yako imekaa kwenye _static. Weka faili tupu inaitwa .nojekyll, au ongeza sphinx.ext.githubpages kwenye extensions ikuwekee yenyewe.

Ah na reStructuredText (lugha ya kuandikia kurasa za Sphinx) si lazima, ukiweka ekstensheni ya MyST unaandika Markdown yako ile ile.