Je, wajua kwa nini pasi ya nguo huinua mbao iliyobonyea?

Gitaa la umeme lilikuwa limebakiza msasa wa mwisho tu. Bodi yake, kipande cha paini kutoka shamba la miti la Sao Hill chenye unene wa milimita 45, ilikuwa juu ya meza ya fundi mmoja hapa Mafinga ikisubiri vanishi. Nilikuwa nasogeza klampu, kile chuma cha kubania mbao, ikaniponyoka. Pale pale ambapo mkono wa mpigaji huegemea, pakabonyea kishimo cha ukubwa wa punje ya hindi.

Nikakimbilia msasa. Fundi akanizuia: "Acha, mdogo wangu. Hapo hakuna mbao iliyopotea. Lete pasi."

Alikuwa sahihi. Mbao ni fungu la mirija midogo sana, mitupu katikati, ambayo mti ulipokuwa hai iliupandishia maji. Kitu kizito kikiangukia hapo, mirija hujikunja na kulala, lakini mara nyingi haikatiki. Umewahi kuona dodoki kavu lililokandamizwa likawa bapa kama chapati? Litumbukize kwenye maji, linatuna na kurudi umbo lake. Mbao nayo ina tabia hiyo, ila ni ngumu zaidi, kwa hiyo maji peke yake huinua kidogo tu.

Hapo ndipo pasi inapoingia. Kuta za mirija ile zimeshikwa na lignini, kitu kinachofanya kazi kama gundi na kuufanya mti usimame wima. Lignini kavu ni ngumu, inataka joto kali mno. Ikishalowa, huanza kulegea hata kabla ya nyuzijoto 100. Hili kwetu wa nyanda za juu lina maana yake: Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi (waulize wanaopika maharage). Hata hivyo mvuke huo unatosha. Lignini ikilegea na kuta zikanywa maji, mirija iliyolala hujitutumua na kuinuka.

Fundi alidondosha matone machache ya maji kwenye kishimo, akasubiri kama dakika tano yanyonywe. Akakunja kitambaa cha pamba kilicholowa, akakiweka juu, akagusisha ncha ya pasi ya moto. Tsss! Sekunde chache tu, akainua, akatazama, akarudia. Ukiikalisha pasi pale kwa muda mrefu unaunguza mbao, na doa la kuungua ni baya kuliko kishimo chenyewe.

Kwa nini nisingepiga msasa tu? Kishimo chenye kina cha milimita moja kingenilazimisha kupunguza milimita nzima uso wote wa gitaa. Ukisugua hapo hapo tu unachimba bonde, na vanishi inayong'aa haina siri.

Pasi nayo ina mipaka. Nyuzi za mbao zikiwa zimekatika, mfano kwa patasi, hakuna cha kuinua. Hapo utajaza kwa gundi na unga wa mbao, na alama itabaki. Vanishi ikishapakwa, maji hayapenyi vizuri. Karibu na maungio ya shingo mimi nisingethubutu, maana mvuke unaolegeza lignini hulegeza pia gundi nyeupe ya seremala. Na mpingo, wanaoupenda kwa ubao wa vidole (pale shingoni vidole vinapobana nyuzi), ni mzito na umeshikamana kiasi kwamba haubonyei ovyo, lakini ukibonyea hauinuki kirahisi. Paini ni kinyume chake: laini, inaumia haraka, inapona haraka. Tusiidharau, gitaa la majaribio la Leo Fender, mtengenezaji magitaa wa Marekani, mwaka 1949, lilikuwa na bodi ya paini.

Kishimo changu kilichukua pasi mara tatu, kisha tukaiacha bodi ikauke usiku kucha, kwa sababu mbao yenye maji huwa imevimba na inadanganya. Asubuhi nilikitafuta kwa kidole nikakikosa. Fundi akalaza tochi ya simu ubavuni mwa bodi, akaona vinyweleo vya mbao vilivyosimamishwa na maji, akavipitishia msasa namba 220 mara mbili, akafungua kopo la vanishi.