Maji ya mfereji na ya kisima: yapi ya jaruba, yapi ya kitalu

Skimu ya kumwagilia mpunga ya Doho, wilayani Butaleja nchini Uganda, hutegemea Mto Manafwa unaoteremka kutoka Mlima Elgon. Mvua zikikatika kuanzia Desemba, mto hupungua, na wa kwanza kuumia ni mwenye jaruba mkiani mwa mfereji. Huyo ndiye anayetuuliza: nichimbe kisima?

Chimba, ndugu mkulima, lakini usitarajie kisima kijaze jaruba. Kulaza maji ya kina cha sentimita 5 kwenye eka moja kunahitaji lita 200,000 hivi. Sehemu kubwa ya Uganda imekaa juu ya miamba migumu isiyohifadhi maji mengi. Pampu inayotoa lita 2,000 kwa saa ingefanya kazi saa 100, na hapo hatujahesabu yanayozama.

Sasa tazama kitalu. Miche ya eka hiyo hukua kwenye sehemu ya kumi ya eka. Ukiipa milimita 5 kwa siku, ni lita 2,000 tu: pampu ya saa moja, au madumu 100 ya lita 20. Kwa hiyo otesha kwa kisima wakati zamu yako ya mfereji bado. Maji yakifika, miche ya wiki tatu inakusubiri, na zamu yote inakwenda kwenye kuvuruga tope na kupandikiza, kazi zinazomeza maji kuliko zote.

Baada ya hapo jaruba halihitaji kufurika kila siku. Chukua bomba la plastiki la sentimita 30, toboa matundu kwenye sentimita 20 za chini, lizike hadi hapo, kisha toa udongo ulioingia ndani. Chungulia kila asubuhi. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo umwagilie tena.

Mpunga ukichanua, acha mtindo huo. Kiu ya siku chache wakati huo huleta mapepe, yaani punje tupu, na hakuna mbolea itakayoyajaza. Mfereji ukikauka hapo, kisima kiokoe robo eka iliyochanua. Usikitawanye eka nzima kikakosa kuokoa hata jaruba moja. Ndiyo maana tunashauri majaruba yapandikizwe kwa kupishana siku kadhaa.

Kuwa na kisima hakukuondoi kwenye kazi ya kuzibua mfereji. Kwenye bonde la mpunga, sehemu ya maji ya kisima kifupi ni yaleyale ya mfereji na majaruba yaliyozama ardhini. Mfereji ukijaa mchanga, na kisima kitapungua.

Kabla ya kununua pampu kubwa, ulizia kibali cha maji wilayani, na pima kisima mwishoni mwa Februari, siyo Mei. Vuta maji saa kadhaa mfululizo, kisha weka dumu la lita 20. Likijaa kwa sekunde 36, unapata lita 2,000 kwa saa. Likichukua dakika nzima ni lita 1,200, basi punguza ile robo eka.